GPS ije Kalemie, lakini vituo vya redio visizimwe

TAHARIRI

Kila mkaaji wa Kalemie aliyewahi kungoja mtu kwenye uwanja wa ndege anaujua mlio huo. Ndege inasikika juu ya mawingu, inapita upande wa ziwa, inarudi upande wa milima, inapita tena. Watu wanainua macho, hawaoni kitu. Baada ya dakika chache mlio unafifia, na mtu wa uwanja anakuja kusema kile ambacho wote wamekwisha kuelewa: ndege imerudi ilikotoka. Mgonjwa aliyekuwa anangoja kupelekwa Lubumbashi anarudishwa nyumbani kwa pikipiki. Katoni za dawa zinalala kwenye mji mwingine. Mfanyabiashara anahesabu hasara.

Hatumlaumu rubani huyo. Asiyeona pisti, yaani barabara ya kutulia ndege, na akaamua kurudi, amefanya kazi yake vizuri. Wanaotutia hofu ni wale wanaoamua kushuka wakitafuta tundu kwenye mawingu, kwa sababu tajiri wa kampuni anangoja, mafuta ni ghali, na abiria wanalalamika. Swali letu leo ni lingine: rubani huyo, akiwa ndani ya wingu, ana kitu gani cha kumwongoza hadi kwenye pisti yetu? Na kitu hicho kikimdanganya, ana kingine cha kukihakikisha?

Siku hizi jibu linalotolewa haraka ni GPS. Satelaiti ziko juu, hazilipishwi, hazihitaji umeme wa SNEL, hazihitaji vipuri kutoka Ulaya. Basi kwa nini tuhangaike na vituo vya redio vya zamani vilivyowekwa chini? Jibu hilo ni sahihi nusu. Nusu iliyobaki inaweza kuua watu, ndiyo maana tunaandika.

Mji unaotegemea anga

Kalemie si mji uliojua ndege jana. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, ndege za majini za Wabelgiji ziliruka kutoka ufuko wa karibu na hapa kwenda kushambulia Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao Graf von Goetzen, ile ambayo leo wasafiri wa ziwa wanaiita Liemba. Marubani wale walikuwa na dira, saa na macho yao. Zaidi ya miaka 100 imepita. Ndege zimebadilika, lakini milima haikuhama.

Uwanja wetu uko kwenye kimo cha karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari, mita chache tu juu ya maji ya ziwa. Kaskazini kuna milima ya Kabobo inayopita mita 2,000. Kusini kuna nyanda za juu za Marungu, nazo vivyo hivyo. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, milima ya Mahale inafika mita 2,462. Majira ya mvua, dhoruba zinapanda kutoka ziwani mchana na usiku. Kiangazi, moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa unajaa hewani hadi mtu asione milima mchana kweupe. Kwa hiyo katika miezi yote ya mwaka kuna siku ambazo macho ya rubani peke yake hayatoshi.

Na haja ya ndege imeongezeka. Barabara zetu za kwenda Moba, Manono au Fizi tunazijua. Treni tunaijua. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilichukuliwa na M23 na uwanja wake ukafungwa kwa safari za kawaida. Mwezi wa Februari Kavumu, uwanja wa Bukavu, ukafuata. Mashariki ya nchi ikapoteza milango yake miwili mikubwa ya anga kwa mara moja. Hapo ndipo viwanja kama wetu vinapopata uzito mpya, kwa watu na kwa misaada. Uwanja uliokuwa wa pembeni hauwezi kuendelea kutunzwa kama wa pembeni.

Redio ya chini inafanya nini

Ili tuelewane, tueleze kwanza mambo yalivyo. Ndege inapokaribia kutua bila rubani kuona chini, inafuata njia iliyochorwa na kupitishwa na mamlaka. Marubani wetu wanaiita kwa Kifaransa aproshi. Karatasi ya aproshi inasema: ukifika mahali fulani, geukia upande fulani, usishuke chini ya kimo fulani kabla ya kupita mahali fulani, na kuna kimo cha mwisho ambacho, kama hujaona pisti, unainua pua ya ndege na kuondoka. Nyuma ya kila nambari kuna mtu aliyepima milima, miti na minara.

Kwa miaka mingi, kitu kilichomwambia rubani yuko wapi kwenye karatasi hiyo ni kituo cha redio kilichosimama chini. Cha kawaida kuliko vyote katika nchi yetu ni NDB. Ni redio inayotoa mawimbi pande zote, na ndani ya ndege kuna mshale unaoelekea ilipo redio hiyo. Kingine ni VOR, ambacho ni bora zaidi: kinamwambia rubani yuko kwenye mstari gani kutoka kituoni, na kikiwa pamoja na DME kinamwambia pia yuko umbali gani. Kwenye viwanja vikubwa kuna ILS, inayochora njia nyembamba ya kushuka hadi mwanzo wa pisti, kushoto na kulia, juu na chini.

NDB ni rahisi na imeokoa wengi. Lakini ina kasoro zake, na msomaji wa Kalemie azisikilize vizuri, kwa sababu zinafanana na picha ya mji wake. Kwanza, dhoruba: radi inatoa nguvu ya redio, na mshale unaweza kuacha kituo na kuelekea kwenye radi, yaani kule kule ambako rubani hapaswi kwenda. Pili, ufuko: mawimbi yanapovuka kutoka nchi kavu kuingia juu ya maji yanapinda, na mshale unaonyesha upande usio wa kweli. Tatu, milima: mawimbi yanagonga mlima na kurudi, mshale unayumba. Nne, usiku: mawimbi yanayorudi kutoka tabaka za juu za anga yanachanganyika na yale ya chini. Dhoruba, ufuko, milima, usiku: kila kasoro inayoandikwa kwenye vitabu vya NDB, hapa kwetu tunayo mlangoni.

VOR haisumbuliwi na radi namna hiyo, lakini mawimbi yake yanakwenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukiwa katikati, ndege iliyo nyuma yake haisikii kitu. Na vyote, NDB na VOR, vinahitaji umeme, fundi, vipuri, na ndege maalum ya kuja kuvipima mara kwa mara ili kuhakikisha vinasema ukweli. Jenereta ikikosa mazuti, kituo kinanyamaza.

Makosa yaliyokwisha kulipwa kwa damu

Tarehe 3 Aprili 1996, ndege ya jeshi la anga la Marekani iliyombeba waziri wa biashara Ron Brown ilikuwa inakaribia Dubrovnik, huko Kroatia, mji wa pwani wenye milima nyuma yake. Mawingu yalikuwa chini. Aproshi ilikuwa ya NDB, na ilihitaji vipokezi viwili vya redio hiyo kwa wakati mmoja. Ndege ilikuwa na kimoja. Ilikwenda pembeni ya njia na kugonga mlima. Watu wote 35 walikufa. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba aproshi yenyewe ilikuwa imechorwa vibaya. Nchi tajiri kuliko zote, ndege iliyobeba waziri, na bado mshale mmoja haukutosha.

Karibu na kwetu, tarehe 1 Septemba 2008, ndege ndogo ya Beechcraft 1900 ya shirika la Air Serv, iliyokuwa inasafirisha watu wa misaada, iligonga mlima katika hali mbaya ya hewa ilipokuwa inakaribia Kavumu. Watu wote 17 walikufa. Ajali ya namna hii, ambamo ndege nzima isiyo na ubovu inaongozwa na rubani wake mwenyewe hadi kwenye mlima asiouona, ndiyo ambayo dunia imepigana nayo kwa miaka 50. Dawa yake inajulikana: rubani ajue kwa hakika yuko wapi na yuko kwenye kimo gani, mpaka dakika ya mwisho.

GPS inaleta nini

Hapa GPS inaingia kwa haki yake. Ni kundi la satelaiti za Marekani, 24 au zaidi, zinazozunguka dunia kwenye kimo cha karibu kilomita 20,200. Tangu tarehe 2 Mei 2000, Wamarekani walipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, kipokezi cha kawaida kinaweza kusema mahali kilipo kwa kukosea mita chache. Radi haivuti mshale wake. Ufuko haupindishi njia yake. Inafanya kazi kwenye kila uwanja, Kalemie kama Paris, na hata pale ambapo jenereta imezimika.

Faida kubwa zaidi ni kwamba njia inaweza kuchorwa panapofaa. Aproshi ya NDB inalazimika kupita pale redio iliposimama. Aproshi ya GPS inaweza kumleta rubani kwa mstari ulionyooka mbele ya pisti, ikipita juu ya maji badala ya kupita kwenye milima. Kwa uwanja wa ufukweni kama wetu, hilo si jambo dogo.

Dunia iliona hayo mapema. Mwaka 2010, mkutano mkuu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ulizitaka nchi zote wanachama, na Kongo ni mmoja wao, ziwe zimeweka aproshi za namna hiyo, zenye pia mwongozo wa kushuka, kwenye viwanja vyao vinavyopokea ndege kwa vyombo, kabla ya mwaka 2016 kuisha. Kwa hiyo anayesema GPS ni anasa ya wazungu amechelewa. Ni wajibu tuliokwisha kuukubali.

GPS hailetei nini

Lakini kuna watu wanaodhani kwamba kuweka GPS ni kununua kidude na kukibandika mbele ya rubani. Huo ndio uongo hatari kuliko wote.

Kwanza, mawimbi ni ya bure, lakini aproshi si ya bure. Lazima mtu aje apime pisti upya, apime milima, miti na kila mnara wa simu unaozunguka uwanja. Tangu mwaka 1998 ICAO inataka vipimo hivyo vifuate mfumo mmoja wa dunia, ule ule unaotumiwa na GPS. Ramani za zamani za Katanga zilipimwa kwa misingi mingine. Mahali palepale, kwenye karatasi mbili, panaweza kuachana kwa zaidi ya mita 100. Juu ya ziwa haina shida. Mbele ya pisti, ndani ya wingu, ni tofauti ya kutua na kutotua.

Pili, rubani anayejitengenezea aproshi yake kwenye tableti, kwa kuweka alama kwenye pisti na kushuka kwa kukisia, hafanyi aproshi ya GPS. Anacheza kamari na maisha ya watu. Kipokezi cha kweli cha aproshi kimeidhinishwa kwa kazi hiyo, na kumbukumbu yake ya viwanja na njia inapaswa kufuata mzunguko wa siku 28. Asiyeihuisha anaruka na ramani ya jana.

Tatu, aproshi ya GPS ya kawaida inamwambia rubani yuko wapi, lakini kimo chake bado anakisoma kwenye altimeta inayopima uzito wa hewa. Altimeta hiyo inarekebishwa kwa nambari inayotolewa na mtu wa hali ya hewa aliye chini. Nambari hiyo ikikosewa kwa hektopaskali 10, kimo kinakosewa kwa zaidi ya mita 80. Hakuna satelaiti inayokwenda kazini saa kumi na mbili asubuhi kusoma kipimahewa cha Kalemie. Ni mfanyakazi, anayetakiwa kulipwa mshahara wake.

Nne, GPS haioni mvua wala upepo. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Goma na Kisangani iliangushwa na dhoruba ilipokuwa inajaribu kutua Kinshasa. Watu 32 kati ya 33 walikufa. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikielekea uwanja wa Bukoba, uwanja wa ufukweni kama wetu, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 kati ya 43 walikufa, na wavuvi ndio waliokuwa wa kwanza kufika. Kujua ulipo ni jambo moja. Kujua nini kinakungoja mbele ni jambo lingine.

Tano, na hapa ndipo penye uzito kwetu sisi wa mashariki: GPS inaweza kuzibwa, na inaweza kudanganywa. Mawimbi yakifika chini kutoka kilomita 20,200 ni dhaifu mno. Mashine ndogo inaweza kuyafunika. Mashine nyingine, ya ujanja zaidi, inaweza kutoa mawimbi ya bandia yanayomfanya rubani aamini kwamba yuko mahali asipokuwepo. Mwaka 2024, mbele ya Baraza la Usalama, ilielezwa kwamba mawimbi hayo yalikuwa yanazibwa na kudanganywa huko Kivu Kaskazini, na kwamba ndege zinazoruka huko, zikiwemo za misaada, zinawekwa hatarini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliitaja Rwanda. Kigali hukanusha ripoti za wataalamu hao. Kutoka Goma hadi Kalemie kwa njia ya anga ni karibu kilomita 475. Ndege inayoruka juu inasikia mambo ya mbali, na vita havikai mahali pamoja.

Kipokezi kizuri kina njia ya kujilinda. Satelaiti nne zinatosha kumpa rubani mahali alipo. Ya tano inakiwezesha kipokezi kugundua kwamba mmoja wao anasema uongo. Ya sita inakiwezesha kumtambua mwongo na kumtoa. Ni kazi nzuri, lakini inamkamata mwongo mmoja kati ya wakweli. Mawimbi ya bandia yaliyopangwa vizuri yanafanya mashahidi wote waseme uongo ule ule, kwa sauti moja. Hapo hata mashine ya kuonya kuhusu milima inaweza kupiga kelele pasipo na mlima, au kunyamaza penye mlima, kwa sababu nayo inategemea GPS hiyo hiyo.

Nani atagundua? Shahidi ambaye hakukaa na wale wengine. Kituo cha redio kilichosimama chini, kwenye ardhi ya Kalemie, hakijui habari za satelaiti. VOR na DME zikisema ndege iko kilomita 15 mashariki ya uwanja na GPS ikisema iko juu ya uwanja, rubani anajua papo hapo kwamba kuna tatizo, anaacha kushuka, anapanda. Hahitaji kujua nani ni mwongo. Inatosha ajue kwamba hawakubaliani.

Wenzetu walifanyaje

Hatusemi jambo jipya. Marekani yenyewe, mwenye GPS, ilipoanza kuiruhusu kwenye aproshi miaka ya 1990, haikutupa vya zamani. Ilichukua aproshi zilizokuwepo za NDB na VOR, ikaruhusu rubani azifuate kwa GPS, kwa sharti kwamba mwanzoni kituo cha chini kiwe kinafanya kazi na rubani akiangalie pia. Baadaye masharti yalilegezwa hatua kwa hatua, kadiri imani ilivyojengwa.

Na leo, baada ya zaidi ya miaka 30, bado haijazima kila kitu. Imepunguza vituo vya VOR, lakini imeamua kubakiza vya kutosha ili ndege iliyopoteza GPS iweze kupata uwanja wa kutua kwa vyombo vya chini ndani ya maili 100 za angani, karibu kilomita 185. Kama mwenye satelaiti haziamini peke yake, sisi tunaozitumia kwa hisani yake tunaziamini kwa nini?

Wapo watakaotuambia: Kongo ni maskini, chagueni kimoja. Mvuvi wetu wa ndagala hafikiri hivyo. Amenunua moteri, lakini kasia halitupi. Linalala ndani ya mtumbwi, na siku moteri inapozima katikati ya ziwa ndilo linalomrudisha kwa watoto wake. Hakununua vitu viwili kwa utajiri. Alinunua kwa sababu analijua ziwa.

Fedha na majukumu

Na hili la umaskini tulichunguze. Tangu mwaka 2009, kila abiria anayepanda ndege katika nchi hii analipa Go-Pass. Ilipoanza ilikuwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje. Tuliambiwa wazi kwamba ni fedha za kuendeleza viwanja vya ndege. Abiria wa Kalemie analipa sawa na abiria wa Kinshasa. Basi ana haki ya kuuliza sehemu yake iko wapi: ni kiasi gani kimekusanywa kwenye uwanja huu, na ni kiasi gani kimerudi kwenye uwanja huu. Kampuni zote za ndege za nchi yetu zimefungiwa anga la Ulaya tangu mwaka 2006, na sababu inayotolewa kila mara ni udhaifu wa usimamizi. Usimamizi unaanza na hesabu iliyo wazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matano, na hakuna hata moja linalopita uwezo wa nchi.

Kwanza, Régie des Voies Aériennes (RVA) iwatangazie wakaaji, kwa lugha wanayoielewa, hali ya kila kituo cha redio cha uwanja wetu: kipo, kinafanya kazi, kilipimwa lini. Kifaa kisichofanya kazi kitangazwe pia kwa marubani siku hiyo hiyo. Kituo kilichokufa lakini kimeandikwa kuwa kizima ni mtego.

Pili, mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, ihakikishe kila upande wa pisti yetu una aproshi ya GPS iliyopimwa upya ardhini, iliyokaguliwa kwa ndege, na iliyochapishwa rasmi. Na kando ya aproshi hiyo ibaki aproshi ya vituo vya chini, ikiwezekana ya VOR na DME badala ya NDB peke yake. Umeme wake utoke kwenye jua, ambalo Tanganyika haikosi, na betri zilindwe dhidi ya wezi.

Tatu, mtu wa hali ya hewa. Awepo saa zote ambazo ndege zinaruhusiwa kutua, awe na kipimahewa kilichohakikishwa, na alipwe.

Nne, rubani anayeona GPS yake imekwenda kombo awe na mahali pa kutoa taarifa bila kuogopa kuadhibiwa na tajiri wake, na taarifa hiyo iwafikie wengine siku hiyo hiyo. Kampuni zifundishe marubani wao kulinganisha: kabla ya kuanza kushuka, GPS inasema nini, redio ya chini inasema nini, saa na dira zinasema nini. Zisipokubaliana, hakuna kushuka.

Tano ni letu sisi wakaaji na viongozi wa mji. Anayeuza viwanja vya nyumba karibu na pisti, anayesimamisha mnara bila kuuliza, anayekata nyaya za uwanja ili akauze shaba, wote wanabadilisha nambari za ile karatasi ambayo rubani anaitegemea. Karatasi haijui kwamba mnara umeota jana. Serikali ya jimbo na ya mji zina sheria mkononi. Zitumike kabla ya ajali, si baada ya tume ya uchunguzi.

Wabunge wa jimbo letu huko Kinshasa, ambao wengi wao wanapanda ndege hizo hizo, walibebe swali hili hadi mbele ya waziri wa usafiri. Wasiombe ahadi ya uwanja mpya wa kisasa wenye picha nzuri. Waombe tarehe: kituo kitawashwa lini, aproshi itachapishwa lini, mtu wa hali ya hewa atalipwa lini.

Siku nyingine ya mvua itakuja, na mlio utasikika tena juu ya mawingu. Chini, kwenye kivuli cha uwanja, mama atakuwa amekaa na mtoto mgonjwa anayepaswa kuondoka kwa ndege hiyo. Tunataka rubani aliye kule juu awe na satelaiti inayomwonyesha njia na redio ya Kalemie inayomthibitishia. Vikikubaliana, ashuke salama. Visipokubaliana, aondoke salama, na mama huyo aelezwe ukweli kwa nini.